Bibi Alikuwa Akisema na Nani

Jumapili iliyopita, kanisani Msalato, mzee mmoja wa kanisa alimaliza sala yake ndefu, kijana wa kamera akamnong'oneza kwamba haikurekodiwa. Akairudia yote, na pale alipolia mwanzo akalia tena. Nikamkumbuka bibi.

Ilikuwa alasiri moja nilipokuwa mtoto, kwetu Mpwapwa. Mama alikuwa amelazwa hospitali, hajitambui, na baba alikuwa naye huko. Bibi alikuwa uani akipepeta uwele, vumbi la pumba likinikereketa puani. Ghafla akasema kwa ukali, "Huyo ni binti yangu. Unanisikia?"

"Nakusikia, bibi," nikaitika.

Akageuka, macho yamemwiva. "Sisemi na wewe, mjukuu wangu."

Nilitazama huku na huku nisione mtu. Nilijua sala huanza kwa kufumba macho na kuishia na amina, kwa hiyo nikadhani anagombana na jirani ng'ambo ya ua.

Jioni baba alirudi, akasema mama amefumbua macho na ameomba uji. Bibi alikaa chini palepale kwenye pumba, akalia mpaka kamasi zikamtoka, nami nikamletea maji.