Mafuta ya Samaki Kwenye Mshipa Wangu

Ilikuwa wiki ya tatu sijatia kitu mdomoni. Utumbo ulijisokota, madaktari wakaukata, nikawa nalishwa kwa mshipa. Chupa moja ilikuwa ya mafuta, nyeupe kabisa. Majirani wa kwetu Milanzi wakija kunijulia hali wanasema, "Afadhali unapata maziwa." Maziwa! Nimelala chali, mrija puani, mrija shingoni, kugeuka ubavu mpaka niombe, halafu naambiwa napata maziwa.

Asubuhi moja daktari alikuja na chupa mbili. Huwezi kuzitofautisha kwa macho.

"Hii unayopewa ni mafuta ya soya matupu," akasema. "Ini lako linaelemewa, ndiyo maana macho yamekuwa ya njano. Hii nyingine imechanganywa na mafuta mengine, na ya samaki yamo. Ini litapumua. Ila faili linasema samaki wanakudhuru."

"Wanamvimbisha mdomo," mama akadakia. "Tangu mtoto. Utaniulia mwanangu!"

Daktari akaiweka ile chupa ya pili chini. Chupa ya aina nyingine hakuwa nayo.

Nikafumba macho. Mama kazaliwa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kakulia samaki wa huko, migebuka. Kaolewa Ilemba, kwenye ukoo wa baba ambako samaki ni mwiko, na hata hivyo alikuwa akijipikia wake kwa siri. Mpaka siku nilipokula samaki kwa jirani, nina miaka saba. Bibi mzaa baba alinikuta ninatafuna, akanizaba kofi la mdomo, moja tu, la mkono wa jembe. Mama aliporudi kutoka shambani alikuta midomo imefura. "Samaki hao," bibi akasema, akanikazia jicho. Nikanyamaza. Na tangu siku hiyo mama hakuonja tena samaki, asije akanigusa na mkono wenye shombo nikafa.

Miaka thelathini nimenyamaza! Kwanza kwa woga, baadaye kwa aibu. Sasa nikisema, nimemvua mama nguo mbele ya daktari. Nisiposema, ini ndiyo basi tena. Na pa kukimbilia sina, hata chooni siendi.

"Mama," nikasema. "Lilikuwa kofi. Bibi alinipiga. Samaki hawajawahi kunifanya kitu."

Daktari aliniuliza mara mbili kama nina hakika, akaandaa sindano ya tahadhari, akatundika chupa mpya, matone yakaanza polepole. Mama alikaa akiukodolea macho mdomo wangu mpaka chupa ikaisha, kesho yake alfajiri. Mdomo ulikuwa vilevile.

Ndipo akainuka, akajifunga kitenge, akatoka bila kuaga. Nikajua nimempoteza. Nililia, machozi yakiingia masikioni kwa kuwa sikuweza kuyafuta.

Mchana alirudi na kifurushi cha gazeti kilichotota mafuta. Akakifungua mapajani. Mgebuka wa kukaanga, mzima. Akamla mbele yangu taratibu, mpaka kichwa, mpaka mkia, wala hakunikaribisha.