Alhamisi za Kajetani

Watu wa Bombambili wanasema mimi Kunegunda ni mbea. Waseme. Msimamizi wa ndoa asiyechunguza ni wa kazi gani? Kajetani na Devota tuliwasimamia mimi na mume wangu Leo, miaka kumi na moja sasa, na tangu hapo wakikorofishana hawaendi kwa wazazi wala kwa padri. Wanakuja sebuleni kwangu.

Kajetani ni fundi baiskeli, mzaliwa wa Mpitimbi, mpole kupita kiasi. Ukimsema, anajibu "Ndiyo, Mama." Ukimsema zaidi, "Ndiyo, Mama." Wapole wa namna hiyo mimi siwaamini.

Basi siku moja Devota akaja, macho yamemvimba.

"Shikamoo, Mama. Mwenzangu kila Alhamisi anafunga kazi mapema, anaoga, anaondoka. Nikimuuliza, ati anakwenda kuongea na mtu. Kama ana mwanamke, mimi narudi kwetu."

Fundi baiskeli kuoga mchana, hapo sikuhitaji kuambiwa zaidi. Alhamisi iliyofuata nikachukua bodaboda, nikamfuata. Akaingia hospitali, lakini hakupanga foleni na wagonjwa. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mwisho, akafunguliwa na msichana mzuri wa miwani, mlango ukafungwa. Saa nzima. Akatoka anajifuta uso kwa leso. Makubwa haya, nikasema, nikaenda kumwambia Leo.

Jumapili tukawaketisha wote wawili.

"Yule ni mwanasaikolojia," Kajetani akasema, macho sakafuni. "Ananitibu kwa mazungumzo. Tangu mdogo wangu afariki kichwa hakitulii."

"Mazungumzo si ndiyo haya?" nikamwambia. "Ushauri tunawapa hapa, mkeo akiwepo. Huyo anakusikiliza peke yako. Atajuaje nani mkosaji?"

"Hatafuti mkosaji, Mama."

Jibu hilo lilinikera. "Sasa mnaongea nini humo?"

"Hayo si ya ndoa."

"Mume na mke ni mwili mmoja, yapi yasiyo ya ndoa? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilimwambia hivyo mtu aliyekuwa anatibiwa, na sikuona ubaya. Nikamtaka aahidi mbele yetu kwamba hatakwenda tena. Akanitazama kidogo. "Ndiyo, Mama." Wakapeana mikono kama ilivyo desturi, Leo akasali, tukala kuku. Nilijiona nimeokoa nyumba ya watu.

Mwezi haukuisha, Devota akarudi. Baiskeli za wateja zimerundikana, Kajetani ameketi katikati yake, hagusi spana. Chakula hali. Hasemi.

"Mama, Alhamisi nilikuwa namkosa saa moja," Devota akasema. "Sasa namkosa wiki nzima."

Nikamshuku yule msichana wa miwani, pengine kamlisha kitu. Nikaenda kumkabili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kunieleza habari za mtu yeyote anayeingia pale. Kiburi gani hicho? Nikamwambia mimi ndiye msimamizi wa ndoa ya Kajetani.

"Nyumba ikigombana, Mama, ushauri wenu unafaa," akasema. "Ila mtu akiumwa ndani yake, mwacheni atibiwe."

Nikaondoka bila kuaga. Njiani hasira ikaniisha, hofu ikaniingia. Kajetani akijidhuru, nitamwambia nini Devota? Nikapitia kijiweni kwake kwenye baiskeli.

"Kajetani, ile ahadi naifuta. Nilikosea."

Hakuniamini. Akauliza kama mume wangu anajua. Nikamwambia anajua, na kwamba Alhamisi nitamsindikiza mwenyewe.

Kweli tukaenda. Pale hospitali akaniomba jambo moja tu, nikae mbali na chumba. Nikakubali kwa mdomo. Mlango ulipofungwa nikasogea benchi la jirani kabisa, maana roho yangu bado ilitaka kujua.

Nikamsikia analia. Analia kwa sauti, kama mtoto. Miaka kumi na moja ya vikao sebuleni kwangu, hata siku ya kumzika mdogo wake, mtu yule hajawahi kutoa chozi mbele yangu, nami nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba nimemkomaza.

Nikainuka, nikaenda kumsubiri getini.