Walivyomwokolea Lorraine Baa

Jumatatu ya tarehe 14 Machi 1988, mahakimu wa wilaya walimpa Lorraine Sugden leseni ya kuuza pombe katika baa ya Kondoo Dume, kijijini Skelbeck, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa na miaka thelathini. Jina lake likaandikwa juu ya mlango kwa rangi nyeupe, na yeye na mumewe Trevor wakahamia vyumba vya ghorofani.

Trevor alifariki mwaka 2011. Siku ya pili baada ya mazishi Lorraine alifungua baa, kwa sababu kulikuwa na ligi ya dhumna na wageni walikuwa wameshakodi basi.

Mwendesha baa wa huku hulala juu ya kazi yake. Akiumwa, wateja hujua kwa kutosikia nyayo zake darini. Krismasi huwapikia wale wasio na wa kuwapikia. Likizo ndefu kuliko zote alizowahi kupata Lorraine ilikuwa ya kulazwa hospitali kutolewa kifuko cha nyongo, na hata huko walimfuata kumuuliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Kwa hiyo kampuni ya bia yenye jengo ilipomwarifu, Januari 2019, kwamba inaliuza na baa itafungwa ifikapo Oktoba, aliketi juu ya kreti akahisi mabega yakilegea. Dada yake, Janet, anaishi Filey, kando ya bahari, na ana chumba kisicho na mtu.

"Njoo Oktoba," Janet alimwambia kwenye simu. "Nakipaka rangi."

"Nakuja," alisema Lorraine.

Habari ya kuuzwa ilienea kijijini, lakini wateja hakuwaambia kwamba anataka kwenda. Mwendesha baa husikiliza. Talaka, madaktari, watoto walioshindikana, yote humwagwa kaunta huku yeye akifuta glasi. Ya kwake hupanda nayo ghorofani. Wao wakaona amenyamaza, na wakaamua wanajua sababu.

"Inamuua hii," alisema Desmond Hirst, dereva wa lori mstaafu. "Mwangalieni. Hata kunitukana ameacha."

Desmond akaunda kamati ya kuinunua baa. Hisa zikauzwa nyumba kwa nyumba, na kila mtu akaapa kutomwambia Lorraine, wasije wakampa tumaini halafu mambo yakaharibika. Walikutana kila Jumanne katika ukumbi wa kanisa. Lorraine alitazama viti vitupu vya Jumanne akaona kijiji kimeanza kuzoea kuishi bila baa. Alifarijika.

Akaanza kufunga maboksi. Clifford Metcalfe, mgane wa miaka themanini na nne anayekula chakula cha mchana pale kila siku, aliyaona kwenye ngazi.

"Umeanza kufunga mizigo, mama?"

"Kila kitu kina mwisho wake, Clifford."

"Usitupe kitu kwanza," alisema mzee, akageukia supu yake haraka.

Jumapili moja ya Septemba, baada ya chakula cha mchana, watu walijaa kama kawaida kwa bahati nasibu ya nyama. Mwenye bucha huleta sinia la nyama, watu hununua tiketi, Lorraine huchomoa namba. Alikuwa ameinua paja la kondoo wakati Desmond alipopanda kwenye kiti.

"Shuka hapo, Desmond. Ukikivunja, mimi sinunui kingine."

"Hununui wewe, tunanunua sisi!" Baa nzima ikalipuka kwa kicheko. "Kondoo Dume ni yetu, jamani! Kampuni imekubali. Na sharti la kwanza tuliloandika: Lorraine haondoki!"

"Mpaka tumzike!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Tena hapo hapo chini ya kaunta, aendelee kutudai glasi tupu saa ya kufunga!"

Lorraine bado alikuwa ameshika paja. "Desmond," alisema. "Mbona hamkuniuliza?"

"Tukuulize? Ungesema tusijisumbue! Sisi tunakujua wewe."

Wakashangilia. Mwanamke mmoja akafuta macho, akasema, "Maskini, amekosa la kusema." Clifford alikuwa analia waziwazi ndani ya kofia yake.

Lorraine akaweka nyama chini, akatia mkono kwenye ndoo ya tiketi, akasoma namba kwa sauti yake ya siku zote.

Walipoondoka, alimpigia dada yake.

"Waambie hutaki," alisema Janet. "Maneno mawili tu."

"Clifford ametia kwenye hisa hela aliyojiwekea ya kuzikwa."

"Nani alimwambia atie?"

"Aliniona nafunga maboksi, Janet. Akadhani nafukuzwa. Nikamwacha adhani hivyo."

"Una miaka sitini na moja."

"Najua."

"Rangi nimeshapaka."

"Najua, Janet."

Siku hizi kamati hukutana pale pale baa, na Lorraine huwahudumia. Wameshakubaliana kuhusu mapazia, saa za jikoni, na mtu wa kumsaidia wikendi ili asichoke. Walipomuuliza rangi ya mapazia alisema yoyote, wakaandika kijani.

Mkataba mpya ni wa miaka mitano. Atausaini Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya kamati nzima. Chumba cha Filey kimepangishwa kwa muuguzi, ambaye atahamia mwisho wa mwezi.