Ile N Niliyoikata

Niliwafundisha watoto wa Kikamba Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na kama kuna kitu kilichonimaliza koo ni herufi g. Lugha yetu haina g kavu. Lazima n itangulie. Gari linakuwa ngari, na kupiga kunakuwa kupinga. Mtoto anakuandikia insha: "Jana baba alinipinga kwa sababu nilichelewa." Unachukua kalamu nyekundu, unakata ile n, unafungua daftari lingine. Sokoni nako ni hivyo hivyo. Nipingie simu. Tupinge picha. Twende tukapinge kula, maana r pia hatuna, na kura yenyewe imegeuka chakula. Nimecheka, nimekaripia, nimechapa viganja enzi zile kuchapa kulikuwa halali. Mwishowe mkono ulizoea. Nikiona pinga, nakata n bila hata kufikiri.

Hivyo ndivyo nilivyomtia mtu ndani. Au tuseme, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijieleza.

Soko letu liko kando ya barabara ya Mombasa, kati ya Kibwezi na Kambu. Mwaka ule kiti cha mwakilishi wa wadi kilitupasua katikati. Mtu wangu, na namwita wangu kwa sababu nilimpigia kampeni mpaka sauti ikakauka, alishinda kwa kura chache, kura unazoweza kuzitia zote kwenye mfuko wa unga wa kilo mbili. Upande wa pili wakaenda kortini. Jaji akaamuru kura za wadi nzima zihesabiwe upya, vituo vichache kwa siku.

Mama yangu! Kuanzia siku hiyo hapakuwa na salamu. Wao walikunywa chai hoteli ya chini, karibu na kituo cha mafuta, na sisi hoteli ya juu. Kanisani watu walibadilisha viti bila kuambiwa na mtu. Mwanamke niliyechambua naye mbaazi katika kila matanga ya kijiji kile alinipita njiani akitazama simu, na simu yenyewe ilikuwa imezima, niliiona. Mimi nami nikasonya. Sijifanyi malaika hapa.

Katika watu wa upande ule alikuwemo fundi wa pampu za maji. Nilimfundisha darasa la saba na la nane: mkaidi, mwerevu, na mwenye mdomo. Mashamba ya nyanya na matikiti kando ya mto, yetu na yao, yalimtegemea yeye. Alikuwa ajenti wa yule aliyeshindwa. Siku ya kwanza ya kuhesabu upya alitoka ukumbini akisema sanduku moja limeletwa sili yake, ule utepe wa plastiki wa kulifungia, imekatika. Ilikuwa siku ya soko. Akapanda juu ya kreti za soda, akaanza kuhutubia. Mimi nilikuwa mbali nikichagua vitunguu, nikasikia kelele na makofi tu.

"Ona huyu," nikamwambia muuzaji. "Ameshindwa na hataki kumeza."

Kabla jua halijatua, rekodi ya maneno yake ilikuwa kwenye kila simu.

Siku mbili baadaye afisa wa upelelezi akaja nyumbani kwangu. Kijana mpole, kwao ni mbali, upande wa ziwa. Rekodi ilikuwa nusu Kikamba, nusu Kiswahili, na nyuma yake spika ya muuza dawa ya panya ikipayuka. Alitaka mtu wa kuiandika yote kwenye karatasi na kutafsiri zile sehemu za Kikamba.

"Mwalimu, nimeambiwa hapa Kiswahili ni wewe," akasema.

Kichwa kikavimba. Nikavaa miwani, nikamkaangia hata mayai. Nikasikiliza kwenye simu yake, nikaandika neno kwa neno, na mwishoni nikaandika hivi: "Wakileta tena masanduku imefunguliwa, tuwapige. Msiogope. Tuwapige mpaka mwisho." Nikatia sahihi kila ukurasa, kwa mwandiko mzuri.

Fundi alikamatwa kesho yake mtoni, mikono imejaa grisi. Uchochezi. Korti ikamnyima dhamana kwa sababu kuhesabu kulikuwa bado kunaendelea na ilisemekana angevuruga. Akapelekwa rumande. Nitasema ukweli: nilifurahi. Si furaha ya kucheza ngoma, lakini chai ya siku hiyo ilikuwa tamu.

Soko likawaka. Hoteli ya chini walisema, "Kwani siku hizi mtu akisema sanduku limefunguliwa ni jinai? Katiba imeturuhusu kusema." Hoteli ya juu tukajibu kwamba kusema ni kusema na kuwatuma watu wakapigane ni jambo jingine. Na ni nani aliyekuwa mbele kujibu? Mimi.

"Uhuru wa kusema si uhuru wa kubweka," nilisema nikikoroga chai yangu, na watu wakagonga meza.

Jumamosi ya wiki ya pili tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Tulipopumzika, shemasi wetu, mtu wa upande wangu kabisa, akaunganisha simu na spika ya kanisa, akaicheza ile rekodi ili watu wacheke. Spika ile ni nzuri, tuliinunua kwa harambee. Nikamsikia fundi kama amesimama mbele yangu. "Tuliwapigia simu jana, hawakushika," alisema.

Tuliwapigia. G kavu, safi, bila n. G niliyomfundisha mimi kwa mikono yangu hii.

Halafu, baada ya maneno machache: "tuwapinge."

"Rudisha nyuma," nikasema.

"Nini, mwalimu?"

"Nimesema rudisha nyuma!"

Akarudisha. Nikasikiliza mara tatu. Mtu anayetamka piga vizuri namna ile, akisema pinga anamaanisha pinga. Aliwaambia watu wakatae. Aliwaambia wasikubali masanduku yaliyofunguliwa, wapinge mpaka mwisho, kitu ambacho hata mimi ningekisema na kupigiwa makofi. Mimi ndiye niliyetia kipigo mdomoni mwake.

Nikamwambia shemasi pale pale. Akacheka kwanza.

"Mwalimu, sisi Wakamba wote tunasema pinga. Si wewe hutucheka kila siku?"

"Huyu hasemi hivyo. Sikiliza hapo kwenye simu."

Akaacha kucheka. Akanivuta kando, karibu na madirisha. "Kuhesabu kunaisha wiki ijayo," akasema kwa sauti ya chini. "Akitoka sasa hivi atajaza watu barabarani. Si ungenyamaza tu mpaka matokeo yatoke?"

"Na akifungwa?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, na mimi pia sasa najua!" Nilipaza sauti mpaka kwaya yote ikageuka.

Jumatatu nikaenda kituo cha polisi. Yule afisa alinisikiliza akiwa na adabu zake zote, kisha akashusha pumzi. "Mama, ulitia sahihi. Faili iko kortini. Ukibadilisha sasa watakuuliza ulidanganya lini, mara ya kwanza au mara ya pili. Unaweza kujiingiza matatani wewe mwenyewe." Akaniambia kama ni lazima, nikaseme mbele ya hakimu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kuhusu kalamu hawakusema lolote.

Nilirudi nyumbani nikaogopa, kuogopa kwenyewe. Nina pensheni, nina magoti mabovu, nina heshima ya kuitwa mwalimu na watu wenye wajukuu. Rumande wanalala sakafuni. Nilijiambia labda wakili wake ataligundua mwenyewe. Nilijiambia labda nimesikia vibaya. Halafu kwenye kundi la wasapu la kanisa mtu akaandika: "Tumwombee mwalimu wetu, umri unasogea na masikio yameanza kwenda." Chini yake watu wakapanga alama za mikono ya maombi.

Masikio yangu! Masikio haya yalimkamata mtoto wa nyuma kabisa akinong'ona wakati mvua inapiga mabati. Nilitupa simu kitandani. Nikatafuta namba ya wakili wa fundi, mtu wa upande ule ambaye wiki mbili kabla singempa hata maji, nikampigia. Nikamwambia: niite, nitakuja.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa, na watu walikuwa wameketi vile vile wanavyokunywa chai, sisi huku na wao kule. Mimi sikujua pa kukaa. Nilisimama karibu na mlango mpaka nikaitwa. Fundi alikuwa kizimbani, amekonda, shati lake limekunjamana, na hakunitazama.

"Mwalimu," wakili akasema, "hapa uliandika neno gani?"

"Tuwapige."

"Na ulisikia neno gani?"

Nilimwona shemasi kwenye benchi la pili. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, macho yananiomba. 

"Nilisikia tuwapinge."

Ukumbi ukalipuka. Wengine walipiga makofi, wengine waliniita majina ambayo sikuwafundisha. Hakimu akagonga meza mara kadhaa.

"Kwa nini basi uliandika ulivyoandika?" wakili akauliza watu waliponyamaza.

"Nilisahihisha."

"Ulisahihisha?"

"Ndiyo. Ni mazoea ya kazi. Wanafunzi wangu wote husema pinga wakitaka kusema piga, nami hukata n. Mkono ulikata wenyewe."

Wakacheza rekodi. Nikawaonyesha pale kwenye tuliwapigia, nikaomba warudie, wakarudia. Kisha kiongozi wa mashtaka akasimama, mwanamke mmoja mwembamba, hana haraka. "Kwa hivyo unaiambia korti hii kwamba mtu amelala rumande wiki tatu kwa sababu ulidhani unasahihisha insha?"

"Ndiyo," nikasema. Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kizimba cha mashahidi kwa nguvu hata vidole viliniuma siku mbili.

Hawakunishtaki. Hakimu alinikaripia, akasema ningekuwa kijana asingeniacha. Kesi ikaondolewa, na fundi akatoka. Kuhesabu nako kulikuwa kumekwisha siku chache kabla: mtu wangu alibaki mshindi, kura zikiwa zimepungua kidogo tu, na kuhusu ile sili waliandika kwamba ilikatika wakati wa kubeba. Hoteli ya juu walichinja mbuzi. Sikualikwa. Hoteli ya chini nao hawakuniita, na sikutarajia. Nikawa nakunywa chai yangu jikoni, peke yangu, nikiwa na hasira na pande zote mbili.

Baada ya siku chache fundi akaja, asubuhi, na mfuko wake wa spana begani. Akabisha hodi kama inavyopasa.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa shikamoo. Nikamvutia kiti, nikampa maji, nikabaki nimesimama. "Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Nisamehe sana. Ni mazoea tu. Miaka yote hiyo nakata ile n. Hata usingizini naikata."

Akanywa maji nusu glasi. Hakuwa na haraka.

"Wakili alinipa ile karatasi yako nikaisoma huko ndani," akasema. "Nimeisoma mara nyingi, hakukuwa na kitu kingine cha kusoma. Mwalimu, mimi Kiswahili changu unakijua. Nilisema masanduku imefunguliwa, ukaandika masanduku imefunguliwa. Nilisema watu yetu, ukaandika watu yetu. Nilisema kula, ukaandika kula. Kurasa tatu nzima umeniachia makosa yangu vile vile."

Nikasikia uso unapata moto.

"Ulisahihisha neno moja tu," akasema.

 Nje kuku walikuwa wakichakura, na nilikumbuka ile meza, ule mkaango wa mayai, afisa akingoja, na jinsi kalamu ilivyopita bila wasiwasi juu ya "masanduku imefunguliwa" na juu ya "watu yetu", ikafika pale, ikachagua.

"Wakili hakunituma nikuulize," akaendelea, "na kesi imekwisha. Nataka tu kujua. Kama ningekuwa wa upande wenu, ungeikata ile n?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelisema mbele ya hakimu, nimeliapia, na nilikuwa nimeanza kuliamini. Mazoea ya kazi. Nilifungua mdomo nilitamke tena, na halikutoka.

"Nisingeikata," nikamwambia.

Akaweka glasi chini, akainuka, akatia mfuko wake begani. Pale mlangoni akasimama kidogo bila kunigeukia.

"Hiyo ndiyo nilitaka uwaambie kortini," akasema, akaenda zake.