Kichwa cha Chini ya Sketi

Jumamosi tulizindua mwanasesere wa mtaa wetu hapa Umbilo, Durban. Ni wa nguo, mrefu kuliko mlango, wa mtindo wa kale wa visiwa vya Karibi: vichwa viwili, kimoja kila mwisho, na sketi moja katikati. Mmoja akiwa juu, mwenzake yuko chini, kichwa chake kimefunikwa na sketi.

Mwenyekiti wa kamati, Mtanzania mwenzangu, alipanua mikono. "Sanaa hii ni ya jamii nzima!" Kisha akamwashiria mama mmoja wa Kikongo kwa vidole viwili. "Mama, sogea pembeni. Unaziba picha ya kuwapelekea wafadhili."

"Hii sketi ni mimi nilishona."

"Na tunashukuru sana. Sogea."

Mama akasogea hadi kwenye upindo, akaufunua. Kichwa cha pili kikatutumbulia macho. "Muone na huyu. Iko wa jamii, lakini kwa picha haiko."

Mwenyekiti akacheka kwa meno tu, akapapasa mifuko yake. "Mama, una pini? Tuubane huo upindo."

Yaani hata pini ya kumfichia mwenzake wa chini ya sketi alimwomba mama mwenyewe! Mama akachomoa moja kwenye ukosi wake, akampa.

Kwa upepo wa Durban, pini moja haifiki jioni.