Mama Mjane Anadhani Sisi Ni Wapangaji Wake

Admin, ukiweka kisa hiki usitaje jina langu wala shule ninayofundisha, maana Lubumbashi ni kubwa kwa barabara tu, watu tunajuana wote. Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu. Mume wangu anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Nawaandikia ninyi kwa sababu hapa kwangu sina wa kumwambia.

Tulipanga nyumba za watu miaka kumi na mbili. Mwenye nyumba wa mwisho alikuwa anachungulia hata ndoo za maji tulizochota. Basi siku tuliposikia kuna nyumba inauzwa mtaa wa Hewa Bora, nyumba kubwa mbele na kijumba cha vyumba viwili nyuma, akili iliniruka. Wauzaji walikuwa watoto wa marehemu mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Tulijua kununua bila wakili ni kujitafutia kesi, kwa hiyo tukamchukua parrain, yaani baba wa ubatizo, wa mtoto wetu wa mwisho, ambaye ni avocat na anaimba kwaya moja na mume wangu. Nitamwita Maître tu, kama mawakili wanavyoitwa kwetu. Hatukuuliza mwingine, maana kwetu kumruka parrain ukaenda kwa mtu usiyemjua ni kama kumtukana.

Siku ya kutazama nyumba, mama mmoja mzee alitoka kwenye kijumba cha nyuma akatuletea viti na maji ya kunywa. Nilimvuta Maître pembeni, nikamuuliza huyo ni nani.

"Ule ni bibi ya marehemu, mujane wake," alisema. "Iko anangoya kuvuna mahindi yake, kisha ataenda kwa binti yake ku Likasi. Batoto bote balisha kusinye karatasi ya kuuzisha."

"Na yeye mwenyewe alisinye?"

"Mama, miye njo avocat. Uniachiye iyo kazi."

Nikamwachia. Wanafunzi wangu nawaambia kila siku wasome swali mara mbili kabla ya kujibu, lakini karatasi za nyumba nilizitia saini huku natabasamu, sikusoma hata moja. Hati ikatoka kwa jina la mume wangu, tukahamia, padri akaja kubariki.

Mahindi yalivunwa, mama hakwenda; mwaka wa pili ukaingia, bado yupo. Nilinyamaza kwa heshima. Lakini nilipomwita fundi apake rangi sebuleni, mama alikuja akamwambia kwa upole angoje kwanza ruhusa. Nilipotaka kukata mparachichi unaojaza majani juu ya bati, alikataa, akasema marehemu ndiye aliyeupanda. Nikajisemea ni uzee. Hadi siku moja tulipokuwa tunachambua matembele uani, akanishika mkono.

"Mwanangu, miye niko na furaha na weye. Balocataire ba mbele balikuwa na fujo mingi. Weye ukale tu, hata myaka kumi. Sitakufukuza."

Locataire, yaani mpangaji: nilidhani sikusikia vizuri. Kumbe mwanawe mkubwa alimwambia ahamie nyuma ili nyumba ya mbele ipangishwe, na kila mwezi anamletea mfuko wa unga, anasema umetoka kwenye kodi yetu. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama aliwahi kutia saini karatasi yoyote. Akasema ndiyo, watoto walimwekesha kidole, wakamwambia ni karatasi ya kuunganisha umeme.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Maître, nikamweleza yote. Hakushtuka hata kidogo. Akakiri mwenyewe kwamba tangu mwanzo alikuwa wakili wa wale watoto pia.

"Mama, usipige makelele," alisema. "Ni kweli, sheria inamupatia mujane haki ya kukala mu nyumba ya bwana yake. Lakini certificat, ile hati yenu, ikisha kutimiza myaka mbili, hakuna muntu ataigusa tena. Inabakia miezi tatu. Mufunge kinywa tu."

"Na weye unalala muzuri, parrain?"

"Miye nilimutafutia mutoto wetu nyumba," alinijibu.

Nilimpigia mume wangu simu. Nilipomweleza, akasema, "Nyamaza. Tukitoka mule, tutaenda wapi?" Kila tulichokuwa nacho kiliingia kwenye nyumba hii. Na huyo mama ndiye anayembeba mtoto wangu ninapokuwa darasani. Ananitunzia sahani ya mahindi ya kuchemsha nikirudi, nami nakula nikijiona mwizi.

Jumapili iliyopita alinisubiri tulipotoka misa.

"Mwanangu, miye niko nazeeka," alisema. "Nataka kuandika testament, nyumba ibakie ya binti yangu wa Likasi. Ule mukubwa simwamini. Weye uko mwalimu, unajua bantu. Unitafutiye avocat wa kweli, na unisindikize."

Nilimwambia ndiyo. Sijui ni kwa nini nilisema ndiyo.

Wakili wa kweli, kitu cha kwanza atakachoomba ni hati ya nyumba; atakuta jina la mume wangu, na siku hiyo wanangu wanaweza kujikuta nje. Nikimpeleka kwa Maître, nitakuwa nimemmaliza mama wa watu kwa mikono yangu. Nimefikiria pia kusema naumwa, nisogeze siku hadi ile miezi mitatu iishe, na fikira hiyo ndiyo inayonitisha zaidi kwa sababu imeanza kunipendeza.

Tumepanga kutoka kesho kutwa asubuhi. Amekwisha kupiga pasi kitenge chake cha misa, na leo jioni amegonga mlango wangu mara mbili kuniuliza kama jina la avocat nimelipata. Ndugu zangu, nimpe jina la nani?