Kugawanya kwa Mistari ya Kwaya

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa na somo moja lililomkaa kooni: kugawanya. Kila akishika chaki, kengele ya mazoezi ya kwaya ya kumpokea askofu inalia.

"Sista, mtihani ni wiki ijayo na watoto hawajui kugawanya," alimlalamikia mwalimu mkuu, mtawa.

"Mwalimu wangu, askofu hakagui madaftari. Anaona mistari ya kwaya."

Basi mwalimu wa darasa akaamua kufundishia humohumo uwanjani. "Mko ishirini na nne, mistari minne. Kila mstari wangapi?"

Watoto wakasukumana, wakahesabiana vichwa, wakaanza kuelewa. Sista akaja mbio, akawapanga upya kwa urefu, mistari mitano isiyolingana.

"Wafupi mbele. Chuoni mlifundishwa nini?"

"Mwalimu, sasa kila mstari wangapi?" binti mmoja akauliza.

"Muulize Sista, mwanangu."